Sabini na Moja Kwenye Hamsini

Jumapili, 2 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na ya Mama hii hapa, shikamoo yake, umfikishie kabla hujaanza kusoma kwa sauti, maana najua ukishaanza hutaki kukatizwa na yeye hataacha kukukatiza. Magoti yanasemaje? Na masikio, yamepatana na simu au bado yamenuniana nayo? Mimi mzima wa afya, nakula mpaka sahani inaona aibu, na kile kikohozi ulichokuwa unakisikia usiku kilikwisha chenyewe.

Baba, wamenipa gari lako! Sisemi gari la aina yako. Lako lenyewe, lenye kiti kilichobonyea upande wa kulia na kioo cha pembeni ulichokifunga kwa waya. Jumatatu asubuhi Bwana Mhuri aliniita dirishani kwake. Ndiye bado mkuu wa magari, na bado anatembea na mhuri mfukoni utadhani kuna mtu anautamani. Akanirushia ufunguo, akasema, "Gari la mzee wako hilo. Miezi mitatu ya majaribio. Likipata mkwaruzo, ufunguo mezani, uende ukauze vocha ulikotoka."

Nikamwambia, "Asante, mkuu." Moyoni nilikuwa naruka kamba.

Uani madereva wote walikuwa wamesimama na vikombe vya chai mkononi. Walijua lazima nilirudishe gari kinyumenyume kwenye lile pango jembamba la stoo, tupakie mawe ya kupimia. Hawajawahi kufanya kazi na dereva mwanamke, na hakuna aliyetaka kukosa sinema. Baba, niliingia mara moja. Mara moja tu! Sikutoka kurekebisha, sikuchungulia nje, nilifuata vioo vyako viwili kama ulivyonifundisha. Nikazima gari, nikashuka, nikapita mbele yao kifua mbele. Mmoja alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo na hajanywa.

Fundi wa mizani ndiye yuleyule wako, na maneno yake bado yanahesabika. Tunazunguka naye viwandani na madukani, anapanga mawe yake ya chuma juu ya mizani za watu, anaangalia kama zinasema kweli. Nyuma nina mawe ya kutosha kuzamisha boti, kila moja kwenye sanduku lake lenye kitambaa laini, na ninapita kwenye matuta kama nimebeba mtoto mchanga. Nakumbuka ulivyokuwa unasema, jiwe likigongwa siyo jiwe la kupimia tena, ni chuma chakavu.

Unataka kujua Fundi ameniambia nini kuhusu uendeshaji wangu? Hakuniambia kitu. Jumatano tulipokuwa tunarudi alisinzia. Alikoroma kabisa, Baba!

Barua nampa dereva wa lori la vipuri, atakuletea Jumatatu kama kawaida.

Ni mimi binti yako,
Dereva (nimeandika mwenyewe, usinicheke)


Jumapili, 9 Februari

Mwanangu, dereva,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Sisi huku tu wazima. Magoti yananisumbua wakati wa kuinuka tu, kwa hiyo nimeamua kutoinuka hovyo. Mama yako anakusalimu na anauliza unakula nini hasa, maana neno "sahani" siyo chakula.

Fundi alikoroma! Sikia, mwanangu. Mtu yule nimembeba miaka na miaka. Siku nilipoumwa wakampa dereva mwingine, alirudi ofisini ameshika dashibodi kwa mikono miwili, hata kalamu hakuweza kuishika. Akikoroma kwako, umeshafuzu, hayo majaribio ni makaratasi tu.

Barua yako nimeisoma pale kwenye kibanda cha chai tunapokaa sisi wastaafu wa kampuni. Nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mwenye kibanda alikuwa anaosha vikombe na hakusikia vizuri pale pa kurudi kinyumenyume. Mara ya pili nilimwomba aache kuosha. Mama yako anasema nimetia chumvi. Nimetia kidogo. Nilisema pango la stoo ni jembamba zaidi kuliko lilivyo.

Mwanangu, siku waliyoniaga, mkurugenzi alisimama mbele ya watu wote akasema kwamba tangu niingie kazini, ofisi haijapokea kutoka barabarani karatasi hata moja ya kosa yenye jina langu. Waliniita Taratibu kwa kunicheka, nikastaafu nao wakiniita Taratibu kwa heshima. Sina shamba la kukuachia, wala nyumba ya kupangisha. Nina hilo jina, na sasa limeketi kwenye kiti changu linaendesha. Unadhani nalala? Silali kwa furaha.

Kioo cha waya kikilegea, kaza kwa koleo, usitumie meno kama nilivyokuwa nafanya.

Baba yako


Jumapili, 2 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta mmekaa vizuri, na Mama hajambo. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Nakuomba hii usiisomee kibandani. Isome chumbani kwanza.

Baba, nimeletewa notisi ya mwendo kasi.

Nitakueleza ilivyokuwa, bila kujipamba. Siku ile tulikuwa kiwanda cha unga. Mizani zao zilikuwa na matatizo, kazi ikashindikana kwisha, Fundi akaamua kulala hukohuko na mawe yake. Akaniambia nirudishe gari, nimfuate kesho. Nikaondoka peke yangu, nyuma hakuna kitu.

Sijawahi kulitoa gari lile barabarani likiwa tupu. Tangu nikalie kile kiti, mawe huwa nyuma. Mguu wangu umejifunza kukanyaga kwa kipimo cha mawe, najua nikikanyaga hivi gari linakwenda hivi, hata saa ya spidi nilishaacha kuitazama sana. Siku hiyo nikakanyaga vilevile, gari likaondoka kama ng'ombe aliyekata kamba. Nami nikaliacha. Barabara ilikuwa nyeupe, jua zuri, nikafungua dirisha nikaanza kuimba. Ningependa kukwambia nilikuwa nawahi mgonjwa. Sikuwa nawahi popote. Nilikuwa na furaha tu. Pale kwenye kibao cha hamsini, kamera imenikuta na sabini na moja.

Ijumaa Bwana Mhuri akaniita, akafunga mlango. Nikajua hapa pana jambo, maana ule mlango hufungwa siku ya mishahara tu. Akaweka picha mezani. Ni gari letu kwa nyuma, namba inasomeka wazi, buti limeinuka juu kwa wepesi. Uso wa dereva hauonekani.

Unaijua sheria ya kampuni. Dereva wa majaribio akipata notisi, anarudisha ufunguo. Hakuna mjadala.

Bwana Mhuri siyo mtu mbaya, Baba. Alisugua kipara chake, akasema hataki kunipoteza, kwa sababu mimi ndiye dereva pekee ambaye Fundi hajamlalamikia. Kisha akashusha sauti. Kumbe karatasi za gari zilizoko kwa askari wa barabarani hajazibadilisha tangu ustaafu. Bado zinasema dereva wa gari ni wewe. Wakiuliza nani aliendesha, jibu wanalo tayari. "Wewe nyamaza tu," akaniambia. "Mzee haendeshi tena, leseni yake ya nini sasa? Vijana wote hapa wanabebewa notisi zao na wastaafu. Ndio mtindo wetu. Hakuna anayeumia."

Amenipa mpaka Ijumaa ya tarehe kumi na nne. Nikinyamaza, inaandikwa kwako na mimi nabaki na kazi. Nikisema ni mimi, sina kazi. Wale wenye vikombe uani watapata cha kusimulia mpaka mwakani, na mwanamke mwingine akija kuomba udereva ataambiwa, "Tulishajaribu mmoja."

Sikuweza kukaa kimya bila wewe kujua, kwa sababu ni jina lako. Sijui hata nataka unijibu nini. Nisamehe, Baba.

Binti yako


Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Sabini na moja! Kwenye hamsini! Na kuimba juu! Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio mpaka ukaimbe kwaya. Gari tupu halisomwi kwa mguu, mwanangu, linasomwa kwenye saa. Saa ya spidi haikuwekwa pale iwe pambo. Basi, nimegomba, nimemaliza.

Sasa sikiliza. Andika jina langu.

Nimeambatisha karatasi, nimeiandika kwa mkono wangu na kutia sahihi, kwamba mimi ndiye niliyekuwa naendesha, nilikwenda kuwasalimu nikapewa gari nilijaribu. Mpe Bwana Mhuri. Yeye anapenda karatasi.

Usianze kubishana nami. Mimi nimeshaagwa, nimeshashangiliwa, kofia ya kustaafu nimeshapewa. Wewe ndio kwanza umekalia kiti. Nimekuona unasoma barua za maombi zinazokataliwa, moja baada ya nyingine, kwa sababu tu waliona jina la mwanamke. Umefika, halafu upotezwe na wimbo? Hapana. Kama jina langu haliwezi kukufaa wewe, lina kazi gani? Nizikwe nalo?

Mama yako anasema mimi mjinga. Anasema pia nimefanya vizuri. Yote mawili kwa pumzi moja.

Baba yako

Mwanangu, huyu ni mama yako naandika hapa chini. Baba yako amechana karatasi tatu kabla ya hii kunyooka. Chakula amekisogeza pembeni, anasema hana njaa, na wewe unajua huyu mtu hajawahi kukosa njaa. Nimeona ujue. Sikuambii ufanye nini.


Alhamisi, 20 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mbona kimya? Sisi hatujambo. Jumatatu lori la vipuri lilipita, dereva hakuwa na barua. Nikamuuliza binti yangu yuko vipi, akasema hajakuona uani siku kadhaa, akaanza kukagua tairi ambalo halina shida yoyote. Mtu akikagua tairi zima, ana neno hataki kulisema. Simu yako mama yako anapiga, unamwambia uko salama, utaandika. Basi andika.

Ijumaa imeshapita, kwa hiyo nimehesabu kuwa mambo yamekwisha na notisi ni yangu. Nikaona habari kama hii haikai, dereva wa lori ataifikisha hapa siku yoyote. Afadhali waisikie kwangu. Nikaenda kibandani, nikawaambia mwenyewe: jamani, nimekamatwa na kamera. Sabini na moja kwenye hamsini.

Lo! Mwenye kibanda alizima redio. "Taratibu? Wewe Taratibu?" Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Wakataka kila kitu, nilikuwa naenda wapi, nilikuwa na nani. Nikawapa. Nikasema barabara ilikuwa nyeupe, nikafungua dirisha. Nikasema hata niliimba. Wakaniuliza wimbo gani, nikakwama, maana hukuniandikia.

Breki ndiye aliyefurahi kupita wote. Unamkumbuka, yule mrefu aliyekuwa anaendesha gari la wahasibu. Yeye kule ofisini wamemwandikia notisi za vijana mpaka hajui idadi, za magari ambayo hajawahi hata kuyaosha. Kila mara anatusimulia huku anacheka. Akanishika bega, akasema, "Karibu chamani, mzee mwenzangu. Ya kwanza ndiyo inauma."

Nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nikalala mchana, kitu ambacho sifanyi.

Usije ukadhani najuta. Sijuti hata punje. Ningeulizwa tena leo, ningetia sahihi tena leo. Nataka tu kusikia kwamba uko kwenye kile kiti. Niambie unaendesha, mengine yote nitayameza na chai.

Baba yako


Jumapili, 6 Aprili

Baba yangu mpendwa, na Mama,

Shikamooni. Najua mmenikasirikia na mna haki. Afya yangu njema, msihangaike. Nilikuwa nashindwa kuandika kwa sababu nilikuwa sina la kuandika isipokuwa baya moja, nikawa nasubiri na jema lije. Sasa limekuja.

Baba, karatasi yako sikuitumia.

Niliipokea Jumatatu. Niliisoma nikiwa nimekaa ndani ya gari, kwenye kiti chako. Naujua mwandiko wako tangu nikiwa naandikiwa namba za kujumlisha. Herufi zako husimama wima kama askari. Kwenye karatasi ile zote zilikuwa zimelala. Nikasoma na maneno ya Mama hapo chini. Nikasema moyoni, huyu mzee ananipa kitu pekee alichonacho, na ananipa huku kinamuuma, na mimi nakitaka kwa ajili ya wimbo ambao hata sikuumaliza. Nikaona haya, Baba. Lakini zaidi ya haya, niliona fahari mpaka nikapandisha vioo ili nilie vizuri.

Fahari ya mtu kama wewe siwezi kuibadilisha na ufunguo. Ufunguo kuna mwingine.

Alhamisi nikaingia kwa Bwana Mhuri. Alikuwa ameshatayarisha majibu ya kupeleka kwa askari, jina lako limeandikwa, mhuri mkononi tayari.

Nikamwambia, "Mkuu, usigonge. Aliyeendesha ni mimi."

Akaniangalia. "Si tulishayamaliza haya?"

"Hayajaisha. Naomba karatasi nyingine."

"Binti, unajua nikiandika jina lako lazima uniachie ufunguo. Hapohapo."

"Najua."

"Na baba yako amekubali. Naona hapo umeshika maandishi yake."

"Baba yangu amekubali kwa sababu ni baba yangu," nikasema. "Mimi nakataa kwa sababu ni binti yake."

Unamjua yule mtu, mwenzake hajamaliza sentensi yeye ameshagonga mhuri. Siku ile mkono ulibaki hewani. Kisha akaweka mhuri chini, akanisukumia karatasi mpya, akasema, "Andika mwenyewe. Mimi siwezi." Nikaandika jina langu lote, la kwanza mpaka la ukoo, bila kufupisha. Chini yake nikaeleza ilivyokuwa, hata kuimba, nikaweka ufunguo mezani.

Nikatoka kwa miguu. Wenye vikombe walikuwepo wote. Habari ilishafika kabla yangu, sijui inapitaga wapi. Nilipofika katikati ya ua nikajiambia, ukiinama sasa utainama siku zote. Nikageuka nikawaambia kwa sauti, "Nilikimbiza gari, nimesema, naenda nyumbani. Kwaherini." Hakuna aliyecheka. Yule wa kikombe karibu na mdomo aliniitikia, "Kwaheri, dereva."

Hapo ndipo nilipokaa kimya. Nilikaa chumbani, nikafua nguo safi, nikazifua tena. Kila nikishika kalamu naona uso wako. Nilikuwa nawaza, mzee ametoa jina lake bure, na mimi nimetupa kazi bure, wote tumekula hasara.

Jumanne hii nikaitwa ofisini kwa mkurugenzi. Unamjua yule mama, hana maneno ya kupoteza. Fundi alikuwa ameketi pembeni. Baadaye nikaambiwa kwamba kwa wiki hizo zote alipewa dereva mwingine, na kila akirudi alikuwa anafungua masanduku ya mawe mbele ya Bwana Mhuri, anayapima upya moja moja kuona kama yamegongwa, bila kusema neno. Mpaka Bwana Mhuri mwenyewe akaenda kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi akaniuliza, "Ni kweli ulikuwa unaimba?"

"Ni kweli, mama."

"Na nasikia wenzako wote hapa notisi zao wanabeba wazee. Kwa nini wewe usibebewe?"

Nikasema, "Mama, tunazunguka nchi nzima kuwaambia watu mizani yao inadanganya. Nitamtazamaje mwenye duka?"

Baba, lile jibu sijui lilitoka wapi. Nilikuwa sijaliandaa. Mkurugenzi akamwita Bwana Mhuri, akamwambia alete karatasi za notisi zote za tangu mwaka juzi, na aje na maelezo. Bwana Mhuri alitoka jasho mpaka mhuri ukamponyoka.

Kisha akanigeukia. "Sheria ni sheria. Ulipata notisi, ukarudisha ufunguo, umeondoka kazini. Hilo limepita. Ila hakuna sheria inayonikataza kuajiri dereva mpya Jumatano."

Kwa hiyo mimi ni dereva mpya, Baba! Majaribio yanaanza moja. Sikupewa gari lako, nimepewa ile pikapu ya kijani inayolia kama mtu anakuna sufuria. Mawe yatapanda humo, na Fundi naye. Leseni yangu ina alama yake, faini nimeshalipa, na kwenye karatasi za askari jina lako limeondolewa. Halina doa. Nimeangalia mwenyewe, nikaangalia tena.

Maandishi yako nimeyarudisha humu ndani ya bahasha. Yachane wewe, mimi mkono umenikatalia.

Binti yako,
dereva


Jumapili, 13 Aprili

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima kupita kiasi. Mama yako ameisoma barua yako kimya, akaisoma kwa sauti, kisha akaenda kwa jirani kuazima chumvi na barua mkononi. Chumvi tunayo. Maandishi yangu nimeyachana, na yeye akamalizia kwa kuyatupa jikoni chini ya chungu, akasema angalau yamepika kitu.

Niseme wazi, kwa sababu nikizungusha nitalia na wino utamwagika. Najivunia wewe. Nilijivunia siku uliporudisha gari kinyumenyume, lakini ile ilikuwa fahari ya mwalimu. Hii sina jina lake. Nilikuwa nimejiandaa kukupa nilichonacho, na nilijiona mkubwa sana kwa kukupa. Kumbe nimezaa mtu mkubwa kuliko mimi. Tangu Jumatatu siwezi kukaa, nazunguka nyumba, na magoti haya yamesahau kuuma.

Sasa sikia balaa uliyoniachia.

Nikaenda kibandani kuwasahihisha. Nikasimama, nikasema, "Jamani, ile notisi haikuwa yangu. Aliyekimbiza gari ni binti yangu." Wee! Nilidhani watanielewa. Walinishukia wote. Mwenye kibanda akasema, "Mzee, huoni haya? Unamsingizia mtoto?" Mwingine akasema, "Tulikucheka kidogo tu, ndio umtupie binti wa watu?" Nikawaambia ni binti yangu, siyo wa watu. Wakasema ndiyo mbaya zaidi. Mimi, Taratibu, nimesimama pale nimeshutumiwa kwa kosa ambalo sikulifanya, na kadiri ninavyolikana ndivyo ninavyozidi kuwa mwongo. Nilijitakia. Ule wimbo niliousimulia kwa mbwembwe ndio ulionimaliza, maana wote waliukumbuka.

Ikabidi nitoe barua yako.

Safari hii sikutia chumvi. Nilisoma ilivyo. Nilipofika pale pa "Baba yangu amekubali kwa sababu ni baba yangu," nikampa mwenye kibanda amalizie. Alimalizia yeye, kitambaa cha vikombe begani. Akasoma mpaka pale ulipoandika jina lako lote bila kufupisha. Hakuna aliyekoroga chai.

Kisha nikamwona Breki. Siku zote yeye ndiye wa kwanza kucheka. Hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake. Akasema, "Wote wale vijana, hakuna aliyewahi kuniuliza hata mmoja. Nami nilikuwa nafuga leseni safi, kama wewe." Nimekaa na mtu yule kila siku, mwanangu, na sikujua. Nilidhani anafurahia.

Akaomba aondoke na barua, akasema atairudisha. Nikasita, unanijua, lakini nikampa. Asubuhi akaileta imenyooshwa vizuri. Alikwenda kumsomea mke wake. Anasema mkurugenzi akizifikia notisi zake katika yale makaratasi aliyoyaagiza, yeye yuko tayari kuja huko kwa basi kusema ipi yake na ipi siyo. Nimemwambia zake ni sifuri. Akasema, "Ndiyo, lakini nataka kuisema mwenyewe." Wakipanga siku, tuarifu, tutakuja wawili. Mimi nitakuja kwa sababu nataka kuipanda hiyo pikapu ya kijani. Nitakaa upande wa abiria, sitakugusia usukani, na sitakohoa kwenye kona. Mama yako anasema nitakohoa. Anasema atakuja kunizuia.

Jana nilikuwa napita tu, hata kiu ya chai sikuwa nayo. Mwenye kibanda akaniona kutoka mbali. Miaka yote mimi ni Taratibu kwake. Akaniita kwa sauti mbele ya wateja wote, "Karibu, baba wa dereva!"

Nilijifanya sijasikia, ili aite tena.

Baba yako